Kabla ya Kutoa Hati ya Ardhi Yako kwa Mkopo wa Mtu Mwengine

Ombi huja kwa upole. Shemeji anataka boti ya pili, mtoto wa ndugu anafungua duka Darajani, Unguja, ami amepata zabuni na benki imeshamwambia fedha zipo, kilichokosekana ni rahani. Yeye hana kiwanja chenye hati, wewe unacho. "Ni karatasi tu, italala benki miaka miwili kisha itarudi."

Si karatasi tu. Anayetoa hati yake ameubeba mkopo ule juu ya ardhi yake. Marejesho yakisimama, mkopeshaji hatohangaika kumtafuta aliyezitumia fedha. Atakwenda penye kitu cha kuuza. Basi jiulize kwanza: deni hili lingekuwa langu, ningeweza kulilipa bila ya kuuza ardhi? Kama huwezi, kataa. Kama unaweza na unataka kumsaidia mwenzako, yapo mambo ya kufanya kabla ya saini, na mengi kati ya hayo hayafanyiki tena baada yake.

Unatia saini kama nani

Watu husema "nimemdhamini" kwa mambo matatu yaliyo tofauti kabisa.

La kwanza ni kuwa mweka rahani. Unafunga ardhi moja inayotajwa kwenye hati, na hasara yako kubwa kabisa ni ardhi ile. La pili ni kuwa mdhamini binafsi. Hapa umejifunga wewe mwenyewe: mshahara, akiba, nyumba nyengine, vyote vinaweza kufuatwa kwa amri ya mahakama. La tatu ni kuwa mkopaji mwenza, na hapo deni ni lako tangu siku ya kwanza hata kama hukugusa senti.

Tatizo ni kuwa benki nyingi huzifunga karatasi hizi pamoja, na mtu aliyekwenda kuweka rahani hutoka akiwa pia mdhamini binafsi. Tazama hesabu yake. Tuseme kiwanja chako kinauzika kwa shilingi milioni 60 ukipata mnunuzi kwa utulivu. Kwenye mnada, watu wakijua kinauzwa kwa deni, kimetoka kwa milioni 40. Deni pamoja na riba, faini na gharama za dalali na wakili limefika milioni 50. Kama uliweka rahani tu, umepoteza kiwanja na mambo yamekwisha. Kama ulitia saini dhamana binafsi pia, umepoteza kiwanja na bado unadaiwa milioni 10. Kwa hiyo ukifika mezani, uliza waziwazi: "Hapa naweka rahani tu, au najidhamini na mimi mwenyewe?" Ukijibiwa kuwa ni vyote viwili, omba karatasi ya dhamana binafsi iondolewe, au iandikwe kuwa wajibu wako hauzidi thamani ya ardhi uliyoitoa.

Jengine linalowashangaza wengi: kwa Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, wajibu wa mdhamini unakwenda sambamba na wa mkopaji, isipokuwa mkataba useme vyengine. Maana yake mkopeshaji halazimiki kumaliza kwanza mali za shemeji yako ndipo aje kwako. Ukitaka utaratibu huo ufuatwe, lazima uandikwe.

Ardhi yenyewe inawekeka?

Sheria za ardhi za Zanzibar si za Bara. Ardhi si jambo la Muungano, na maelezo mengi yanayozunguka mitandaoni kuhusu rahani yametoka kwenye sheria za Bara za 1999, ambazo hazitumiki Unguja wala Pemba. Hapa ardhi yote ni ya umma chini ya Rais wa Zanzibar, na ulichonacho ni haki ya matumizi chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992. Ndiyo hiyo unayoiweka rahani.

Shamba la mirathi ambalo bado lina jina la babu halina mtu mmoja wa kulitoa. Hata kama wewe ndiye unayelilima na ndugu wako Maskati au Dar es Salaam, wao wana mafungu yao, na dada zako wana yao. Pelekeni mirathi Mahakama ya Kadhi, yatambuliwe mafungu, ndipo mwenye lake aamue. Ukitoa la wote kwa mkopo wa mtu mmoja, utakuwa na kesi mbili: ya benki na ya ndugu.

Eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi zilitolewa kwa masharti ya kutumiwa, si kuuzwa wala kukatwakatwa. Usikubali kuambiwa "zinakubalika" na mkopaji. Nenda Kamisheni ya Ardhi na namba ya eka yako uulize mwenyewe. Mali ya wakfu haiwekwi rahani kabisa, hata kama msimamizi wake ni wewe.

Kuna pia suala la miti, hasa Pemba. Ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na mikarafuu au minazi ikawa ya mwengine. Kama mikarafuu ni ya mama yako na hati ya rahani imeandika "ardhi na vyote vilivyomo", umeweka rahani mali ya mama yako bila ya kumuuliza. Hesabuni miti, muandike ya nani, na mweke wazi iliyomo na isiyokuwemo. Fanya hivyo hivyo kwa nyumba iliyojengwa na mtoto wako kwenye kiwanja chako.

Na kama unachomiliki ni hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na sheha, bila ya usajili, ujue ni ushahidi wa kununua lakini si usajili wa haki. Benki ikiikubali kwa wepesi, nawe usilichukulie hilo kuwa ni usalama.

Usome mkopo, si uso wa anayekopa

Mwambie mkopaji akuletee barua ya mkopo kutoka benki, ile yenye kiasi, riba au faida, muda, tarehe za marejesho na adhabu ya kuchelewa. Asiyekuonesha barua hiyo hafai kuoneshwa hati yako. Usiridhike na "kama milioni ishirini hivi".

Angalia riba inavyohesabiwa. Milioni 20 kwa miezi 24, riba ya asilimia 18 kwa mwaka: ikihesabiwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, riba ni milioni 7.2 na marejesho ni shilingi 1,133,000 na ushei kwa mwezi. Ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, marejesho ni karibu 998,500 kwa mwezi, na riba yote haifiki milioni 4. Asilimia ni ile ile, tofauti ni zaidi ya milioni 3. Uliza ni hesabu gani inayotumika na upewe jaduali la marejesho, mwezi kwa mwezi.

Kisha linganisha jaduali hilo na pato la mkopaji linavyoingia. Hapa ndipo mikopo mingi ya visiwani inapovunjikia, wala si lazima mkopaji awe mtu mbaya. Mwenye nyumba ya wageni Paje au Nungwi hupata wageni msimu wa juu, ikifika masika vyumba vikawa vitupu, na benki inataka fedha ile ile mwezi wa Aprili na wa Mei. Mwenye karafuu hupata mavuno makubwa mwaka mmoja, mwaka unaofuata miti ikapumzika. Mkandarasi hulipwa serikali ikimaliza kuhakiki kazi, si tarehe 30. Kama pato ni la msimu na marejesho ni ya kila mwezi, omba mkopo upangwe kwa msimu kabla hujakubali. Benki ikikataa, umeshapata jibu la swali lako.

Mtake pia aombe taarifa yake ya mikopo kutoka kwa ofisi zenye leseni ya Benki Kuu. Ataipata kwa jina lake mwenyewe, nawe utaona kama ana mikopo mengine aliyoinyamazia. Anayekasirika kwa kuombwa karatasi hii, mwache akasirike sasa.

Maneno ya kuyaondoa kwenye hati ya rahani

Hati hizi mara nyingi huwa kwa Kiingereza. Una haki ya kuomba siku kadhaa, uichukue nakala, ukasomewe na wakili wako, si wakili wa benki. Asiyekuwa na uwezo wa wakili aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, chenye ofisi Unguja na Pemba, au amtafute msaidizi wa sheria wa karibu yake.

Kifungu cha kukitafuta kabla ya vyote ni kinachosema rahani inalinda "madeni yote ya mkopaji, ya sasa na ya baadaye". Maneno hayo machache ndiyo yanayochukua mashamba ya watu. Shemeji amekopa milioni 20, amelipa vizuri hadi zimebaki milioni 3. Benki inampenda, inamuongezea milioni 25 nyengine. Wewe hukuitwa, hukuulizwa, na hati yako bado iko kule inalinda deni jipya kwa maneno uliyoyatilia saini mwanzo. Wewe nyumbani unahesabu kuwa imebaki miezi minne hati irudi. Futa maneno hayo. Badala yake iandikwe: rahani hii inalinda mkopo wa namba fulani, wa tarehe fulani, wa kiasi fulani tu, na wajibu wote wa mweka rahani pamoja na riba na gharama hauzidi shilingi fulani.

La pili ni kifungu kinachoiruhusu benki kubadilisha masharti bila ya kukujulisha. Kwa kawaida ya sheria, mkopo ukibadilishwa bila ya ridhaa ya mdhamini, mdhamini huachiliwa kwa yanayofuata. Benki zinalijua hilo, kwa hiyo huweka maneno ya wewe kuiacha haki hiyo mapema. Usiiache. Iandikwe kuwa nyongeza yoyote ya fedha, muda au riba inahitaji saini yako mpya.

La tatu ni taarifa. Iandikwe kuwa rejesho lolote likichelewa siku 14, benki itakuarifu kwa maandishi na kwa simu, kwa namba zilizotajwa. Bila ya hilo, barua ya kwanza utakayoiona inaweza kuwa ya mnada.

Benki itasema fomu zake hazibadiliki. Meneja wa tawi hawezi kubadilisha fomu, ni kweli, lakini barua ya nyongeza yenye masharti hayo, ikasainiwa na pande zote na kutajwa ndani ya hati, huwa na nguvu. Jaribu kwa adabu na usiondoke kwenye kiasi cha mwisho. Hata ukikosa mengine yote, usikose kikomo.

Wanaofuata fikihi ya Shafi, nao ni wengi wetu, watakuta jambo hili si geni. Anayeazima mali ya mtu ili aiweke rahani, hutakiwa amtajie mwenye mali aina ya deni, kiasi chake na sifa zake, na pia nani anayewekewa. Ridhaa isiyojua kiasi ina kasoro tangu mwanzo. Na wanazuoni wamesema pia kuwa rahani ikishakabidhiwa, mwenye mali hawezi kuirejesha kwa kughairi tu. Kwa hiyo hata mkopo ukiwa wa murabaha (benki inanunua kitu na kukuuzia kwa faida iliyotajwa), kwenye dirisha la Kiislamu la benki, ardhi yako imefungwa vile vile. Ila deni halikui kwa riba.

Mkataba wako na anayekopa

Benki ina karatasi zake. Wewe na shemeji yako hamna. Andikianeni. Mkataba wa kurasa mbili mbele ya wakili unatosha, useme: amekopa kiasi gani kwa rahani ya ardhi gani, atakupa taarifa ya akaunti ya mkopo kila miezi mitatu, hatoongeza mkopo bila ya ruhusa yako, na ukilazimika kulipa chochote au ardhi ikiuzwa, atakulipa kwa thamani ya soko, si bei ya mnada. Hilo la mwisho watu hulisahau, wakadai milioni 40 kwa ardhi ya milioni 60.

Chukua na kitu mkononi: kadi ya gari, boti, bidhaa za duka, fungu lake la mirathi lililokwishatambuliwa. Rahani za mali zinazohamishika husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar. Uliza pia kuhusu bima ya mkopo au takafuli, yaani bima ya Kiislamu, kwa sababu mkopaji akifa, benki itadai, na wewe ndiye utakayekuwa hai.

Neno kwa wanawake, kwa sababu mengi ya maombi haya yanawafika wao. Kiwanja cha mke ni mali ya mke, na mume hana haki ya kukitoa. Akikuomba, una haki ya kusoma na kukataa kama mtu mwengine yeyote. Ukikubali, ujue talaka haiondoi rahani. Ndoa inaweza kuvunjika mwezi wa pili baada ya saini, na kiwanja kikabaki kimefungwa kwa mkopo wa mtu ambaye si mumeo tena. Na usikubali kwenda kutia saini siku hiyo hiyo uliyoambiwa.

Kukataa nako kuna njia yake. "Ami, nimekusikia na nakuombea. Hati hii siitoi, kwa sababu nikiikosa watoto hawana pa kukaa. Niliyonayo mkononi ni haya, yachukue wala usinirejeshee." Kutoa laki tano za sadaka ni rahisi kuliko kuchangia kesi ya miaka sita.

Mkopeshaji wa mtaani

Huyu ana hatari yake peke yake. Mara nyingi hakuandikii rahani. Anakuandikia hati ya mauziano: kwamba umemuuzia kiwanja, bei ni kiasi cha mkopo, na ukilipa "atakirudisha". Zamani mashamba ya mikarafuu yalikwenda kwa njia inayofanana na hii, kwa bei khiyari, yaani mauziano yenye ahadi ya kurudishiwa mali ukilipa, mpaka mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kuzuia ardhi isihame kwa wakopeshaji. Usitie saini mauziano kwa jambo ambalo si mauziano, hata kama sheha na mashahidi wapo. Usitie saini fomu yenye nafasi tupu. Na usitoe hati ya uwakala inayomruhusu mtu "kuuza, kuweka rahani na kuhamisha" kwa sababu tu uko safarini. Walioko Uarabuni na Uingereza wamepoteza viwanja vya Fuoni na Kisauni kwa waraka mmoja wa aina hiyo waliompa ndugu wa kuaminika.

Mkopo ukishatoka

Siku ya saini, piga picha kila ukurasa, tia saini ndogo kwenye kila mmoja, na upewe stakabadhi ya benki inayosema imepokea hati yako ya asili, namba yake na tarehe. Waambie mke au mume na watoto wakubwa, na uandike kwenye wasia. Deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, na warithi wanaogundua rahani siku ya arubaini huwa wameshagawana kichwani.

Kila miezi mitatu itazame taarifa ya akaunti. Rejesho moja likikosekana, mpigie mkopaji siku hiyo. Mkopo ukipita siku 90 bila ya kulipwa, benki huuhesabu kuwa mkopo chechefu, na mazungumzo hubadilika. Ukiwa bado uko siku ya 30, unaweza kwenda na mkopaji mkaomba upangwe upya, ukakubali kwa maandishi na kwa kikomo kile kile.

Kama barua ya mnada imeshafika, usiiweke mtungini. Fanya haya ndani ya wiki: andikia benki kutaka hesabu kamili ya deni, ukitenganisha mkopo, riba, faini na gharama, kagua kama kuna nyongeza usizozisaini, peleka malalamiko kwa maandishi, na usipojibiwa uende Benki Kuu, yenye tawi lake Zanzibar, na umuone wakili kuhusu amri ya zuio kabla ya tarehe ya mnada, kwa sababu baada ya ardhi kuuzwa kwa mnunuzi wa nje kuirudisha ni kazi kubwa. Tafuta pia mnunuzi wako mwenyewe. Benki nyingi hukubali mwenye ardhi auze kwa bei ya soko, zilipwe, na kinachobaki kiwe chake. Kilichobaki baada ya deni ni chako hata kwenye mnada, kidai. Na ukiamua kulipa mwenyewe ili uiokoe ardhi, chukua stakabadhi kwa jina lako: kwa malipo hayo unasimama mahala pa benki, na unaweza kumdai mkopaji na kushika dhamana nyengine aliyoitoa.

Mkopo ukimalizika salama, kazi bado ipo. Pata barua ya kumaliza deni, hati yako ya asili, na waraka wa kufunguliwa rahani, kisha uupeleke waraka huo pale rahani iliposajiliwa. Wapo waliorudishiwa hati mkononi, miaka mitano baadaye wanataka kuuza wakaambiwa kiwanja bado kimefungwa, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuifuta rahani kwenye daftari. Omba upekuzi wa daftari wiki chache baada ya kuwasilisha, na uitunze karatasi ya majibu pamoja na hati.